Nyuzi Moja na Robo

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kubana mifupa.
Nina mashine mbili ghorofa ya chini, Ljubljana,
dirisha linalotazama magurudumu ya baiskeli na theluji iliyogeuka tope,
na jokofu ambalo ufunguo wake nauvaa shingoni.

Usiku wa kuamkia Jumanne natoa fupanyonga nambari kumi na nne,
naliacha liyeyuke.
Lilikuwa la mtu. Alitia saini mwenyewe, kwa wino wa kijani.
Asubuhi nalisimika katika kikombe cha saruji,
nabandika shanga zinazong'aa ili kamera zizione,
kisha nalirudishia uzito lililoubeba miaka sabini:
mbele, nyuma, na ule msokoto wa mtu anayepanda ngazi.

Tazama lilivyoundwa. Sakramu ni kabari
iliyopigwa katikati ya mabawa mawili,
kama jiwe la kati la tao la daraja:
mzigo ukizidi, nayo huzidi kukaza.
Nyuso za kiungo zina matuta na mabonde yanayong'atana,
na nyuma yake kano nene, zilizofungwa na mtu asiyeamini mafundo.
Hucheza, naam. Kwa uchoyo.
Kamera zinaandika: nyuzi moja na robo.

Sasa natoboa.
Vyuma vitatu vya titani, kutoka ubavuni hadi ndani ya sakramu,
vya pembe tatu, kwa kuwa cha mviringo kingezunguka tunduni mwake.
Nagonga. Naweka mzigo uleule.
Thuluthi mbili ya mwendo imekwisha,
na pingili ya mwisho ya kiuno, pale juu, imeanza kupinda zaidi kidogo.
Mwendo ni kama mdai:
ukimfungia mlango, hubisha kwa jirani.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.
Miaka tisa nimekaa na maiti. Hajaniambia.

Dada yangu Breda anapiga kinanda cha kanisa kule Ptuj,
kile chenye mabomba, ambacho nusu yake hupigwa kwa miguu.
Mpigaji hana pa kutua nyayo:
anakalia ncha mbili za mfupa, miguu ikitafuta besi.
Tangu amzae Matevž, upande wa kushoto,
kwenye kishimo kilicho juu ya tako,
hapo. Kidole kimoja, mahali palepale, miaka kumi na moja.
Picha zilitoka safi. Daktari mmoja alimwambia apunguze mwili,
mwingine akamuuliza kama ndoa ina amani.
Mpaka Zupanc alipomchoma ganzi ndani ya kiungo chenyewe,
na kwa saa nne Breda akasugua sakafu ya jikoni
akilia, akisugua.

Alikuja maabara kabla ya kupasuliwa.
Nikamwonyesha mstari kwenye skrini. Akainama.
"Ni kiasi gani hiki?"
Nikatoa kadi yangu ya basi, nikaigeuza ubavu.
Unene huu.
Aliishika muda mrefu.
"Kwa hiyo nimelilia kadi ya basi," akasema,
wala sikujua kama anacheka.
Nilitaka kumwambia kwamba mashine yangu hupima mwendo,
kwamba maumivu hayana waya wa kuchomeka.
Nikamtengenezea chai.

Mwezi wa saba sasa. Mfupa umeota na kuvishika vyuma.
Amelala usiku mzima mara nyingi kuliko alivyokesha.
Jioni, anasema, kiuno hunung'unika, kwa sauti mpya.
Jumapili nilikaa benchi la nyuma,
bomba refu kuliko yote likanguruma,
nikalisikia kwa makalio kabla ya masikio.
Kisha nikamwona anageuka kuchukua karatasi:
nyonga zote mbili kwa pamoja, kipande kimoja,
kama mtu anayesogeza meza.

Jumanne nambari kumi na tano inayeyuka.
Kwenye orodha ya mizigo nimeongeza mmoja
usiokuwa katika kanuni yoyote:
kukaa, nyayo hewani,
mguu wa kushoto ukinyooka kuitafuta noti ya chini.